"Mama, sisi ndio waliouzwa?": Historia ya mwanzo ya Marekani kwa mtoto wa darasa la tano

SWALI: Mwalimu, hujambo. Ninaishi Lowell, Massachusetts, na nina watoto wawili, mmoja wa miaka 10 na mwingine wa miaka 7. Mkubwa yuko darasa la tano na mwaka huu wanasoma historia ya mwanzo ya Marekani: Jamestown, Plymouth, makoloni 13, vita vya uhuru. Mimi nilisomea Nyeri. Kule tulikariri Vasco da Gama, misafara ya Wakamba, Mau Mau na mikutano ya Lancaster House. Ya huku siyajui, na kila akija na kazi ya ziada namwambia amuulize mwalimu wake. Juzi walisoma habari za 1619, akarudi akaniuliza, "Mama, sisi ndio wale waliouzwa?" Nikageuza mazungumzo. Je, mtoto wa miaka 10 aambiwe mambo haya ama nisubiri akue? Na nitamsaidiaje kwa somo ambalo mimi mwenyewe sikulisoma?

JIBU: Dada, sijambo. Usisubiri. Mtoto aliyeuliza swali kama hilo tayari ana nusu ya jibu kichwani, na mara nyingi nusu hiyo ameiokota uwanjani wakati wa mapumziko. Ukinyamaza ataimalizia mwenyewe. Kwa hiyo nitaanza na swali lake, kisha nije kwenye kazi ya ziada.

Kilichotokea 1619 ni hiki. Mwishoni mwa Agosti, meli ya Kiingereza iitwayo White Lion ilitia nanga Point Comfort, Virginia, ikiwa na Waafrika ishirini na ushei. Haikuwachukua Afrika. Iliwapora baharini kutoka meli ya Wareno, São João Bautista, iliyokuwa njiani kutoka Luanda, Angola, kwenda Veracruz, Mexico. Inaelekea wengi wao walikuwa watu wa ufalme wa Ndongo, ambao Wareno na washirika wao walikuwa wakiupiga vita miaka hiyo. Ndongo kulikuwa na mfalme, mashamba, masoko na miji, na lugha yao, Kimbundu, ni ya Kibantu, ndugu wa mbali wa Kiswahili na wa Kikuyu. Siku chache baadaye ikafika meli ya pili, Treasurer. Mwanamke mmoja aliyeletwa nayo ametajwa katika orodha ya wakazi wa Jamestown ya miaka michache baadaye. Orodha inamwita Angelo. Wanahistoria wa leo humwita Angela. Zaidi ya jina, meli aliyokuja nayo na nyumba aliyotumikia, hatuna mengi juu yake.

Mweleze kwa mpangilio huohuo: walikuwa nani, waliishi wapi, nani aliwateka, nani aliwanunua. Vitabu vingi vya watoto huanza na meli, na hapo ndipo ninapogombana navyo. Simulizi ikianza na meli, Mwafrika anaingia katika historia akiwa tayari amefungwa minyororo, na picha hiyo humganda mtoto. Ipe Ndongo dakika tano zake kabla ya White Lion.

Sasa hilo neno "sisi". Karibu wote waliovushwa Atlantiki walitoka Afrika Magharibi na nchi za Kongo na Angola, pamoja na sehemu ndogo kutoka Msumbiji na Madagaska. Wanahistoria hukadiria kwamba watu milioni 12.5 walipakiwa melini katika muda wa zaidi ya karne tatu, na kama milioni 10.7 ndio waliofika wakiwa hai. Waliopelekwa moja kwa moja Amerika Kaskazini ni takriban 388,000. Wengi mno walipelekwa Brazil na visiwa vya Karibi. Kwa hiyo unaweza kumwambia kwamba babu zake wa Nyeri, kwa uwezekano mkubwa sana, hawakupita njia hiyo.

Lakini usikomee hapo, na zaidi ya yote usiseme kwa fahari. Mimi ni mtu wa Mombasa. Pwani yetu ilikuwa na biashara yake ya watu, iliyowapeleka Unguja na Pemba kwenye mikarafuu, Malindi kwenye mashamba ya nafaka, Oman na nchi za Ghuba, na visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, miaka minane baada ya Marekani kuufuta utumwa kwa marekebisho ya katiba yake. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuelewa kabisa kwamba Afrika walikuwapo waliouzwa na waliouza, kama walivyokuwapo Ulaya waliopinga biashara hiyo na waliotajirika nayo. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewasikia wazazi wetu wakiwaambia watoto, "Sisi si kama hao weusi wa hapa, sisi hatukuwahi kuwa watumwa." Mtoto hulibeba neno hilo hadi shuleni akamwambia rafiki yake ambaye babu yake wa saba alizaliwa Virginia. Usiulize mwalimu anabaki na kazi gani siku hiyo.

Jibu fupi la kumpa usiku huu linaweza kuwa: "Watu wa ukoo wetu, kwa tunavyojua, hawakuletwa huku. Waliletwa watu wa Afrika kutoka upande mwingine, na watoto wao ndio waliojenga sehemu kubwa ya nchi hii. Wengine wa kwetu nao waliuzwa, ila kupitia bahari nyingine." Kisha mwache aulize. Vipigo, vifo vya melini na mengine mazito hayahitaji kuelezwa kwa undani katika umri huo. Inatosha kujua kwamba watu walikufa njiani, familia zilitenganishwa, na hakuna aliyekubali kwa hiari. Na kila unaposimulia dhuluma, simulia pia mtu aliyekataa. Massachusetts inao, nitamtaja mmoja mbele.

Nije kwenye kazi ya ziada. Kwanza punguza presha: jimbo lako halina mtihani wake wa historia wa darasa la tano. Mtihani wa jimbo wa darasa hilo ni wa Kiingereza, hesabu na sayansi. Sisi tuliolelewa na KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya, hudhani msaada ni kumuuliza mtoto tarehe hadi zikae. Mwaka 1607, 1620, 1776 na 1787 azijue, basi. Mwongozo wa jimbo unataka zaidi ajue kusoma ushahidi na kueleza sababu, na hapo elimu yako ya Nyeri ina faida kuliko unavyodhani, isipokuwa mahali pamoja ambapo itakupoteza.

Mahali penyewe ni vita vya uhuru. Mzazi aliyesoma Kenya hukutana na habari za 1776 na kujiona yuko nyumbani: hapa mkoloni, hapa wapigania uhuru, Washington ndiye Kenyatta wao. Sivyo. Walioasi dhidi ya mfalme George wa Tatu hawakuwa wenyeji wa nchi. Walikuwa walowezi. Ukitaka kuipata vizuri, fikiria Lord Delamere na walowezi wenzake wa Nyanda za Juu za Kenya wamechoka kuamrishwa na London, wamekataa kodi zake, wameshika bunduki na kujitangazia nchi yao. Kenya haikutokea hivyo. Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ilitokea: Ian Smith, kiongozi wa walowezi, alijitangazia uhuru Novemba 1965, na tangazo lake liliiga waziwazi mtindo wa Azimio la Uhuru la Marekani la 1776.

Simaanishi kwamba Jefferson, aliyeandika Azimio hilo, na Smith ni kitu kimoja. Maneno ya 1776 kwamba watu wote wameumbwa sawa yaliwaponyoka walioyaandika, na waliokuwa wameachwa nje waliyashika na kuyatumia mahakamani na makanisani. Lakini ukishaelewa kwamba hawa ni walowezi, mambo mengi yanayowachanganya watoto yananyooka. Kwa nini mataifa mengi ya wenyeji yaliegemea upande wa Waingereza? Kwa sababu 1763 mfalme aliwakataza walowezi kuhamia magharibi ya milima ya Appalachian, na walowezi walikasirika. Kwa nini Novemba 1775 mamia ya watumwa wa Virginia walikimbilia kwa gavana wa mfalme, Lord Dunmore, badala ya kwa wazalendo? Kwa sababu Dunmore ndiye aliyeahidi kuwaacha huru watumwa wa waasi watakaopigana upande wake. Mtoto akishajua kwamba mmoja alikuwa akigombania kodi, mwingine ardhi yake, na mwingine mwili wake mwenyewe, hatahitaji kukariri sura ya nne ya kitabu.

Kuhusu kodi, mpe chai. Mwaka 1773 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoifanya chai ya Kampuni ya India Mashariki iuzwe makoloni kwa bei ya chini kuliko zamani. Tarehe 16 Desemba watu wa Boston wakamwaga baharini masanduku 342 ya chai hiyo. Muulize: kama bei imeshuka, mbona waimwage? Mwache ahangaike. Watoto wengi wataanza na "walikuwa wakichukia chai." Baadaye kidogo mmoja hufika penyewe, kwamba ndani ya bei ile ya chini bado kulikuwa na kodi iliyopangwa na Bunge ambalo hawakuwa na mbunge hata mmoja, na kuinunua ni kuikubali. Hili swali moja lina kazi kuliko maswali kumi ya kujaza mapengo.

Halafu kuna zoezi ninalolipenda kuliko yote, nalo halihitaji Kiingereza kingi. Usiku wa tarehe 5 Machi 1770, mtaa wa King Street, Boston, theluji chini, kundi la watu lilimzingira askari mlinzi wa Kiingereza. Kapteni Thomas Preston akaja na askari wengine. Watu wakarusha mabonge ya theluji na barafu, wakatukana, risasi zikalia. Watu watano wakafa. Wa kwanza kutajwa siku zote ni Crispus Attucks, baharia ambaye inaaminika baba yake alikuwa Mwafrika na mama yake wa wenyeji wa hapo. Wiki kadhaa baadaye Paul Revere akauza picha ya tukio hilo, aliyoinakili kutoka kwa mchoraji mwenzake, Henry Pelham, ambaye alilalamika kuibiwa kazi.

Itafute picha hiyo kwenye intaneti, mwekee mtoto mbele, umwambie ataje kila anachokiona. Askari wamepanga mstari mnyoofu. Kapteni yuko nyuma yao ameinua upanga kama anayetoa amri. Raia hawana kitu mikononi. Kuna mbwa mdogo ametulia mbele kabisa. Theluji haipo, na anga ni angavu mno kwa tukio la saa tatu usiku. Katika nakala nyingi zilizotiwa rangi, hakuna mtu mweusi hata mmoja. Kisha mwambie kilichofuata: askari walishtakiwa, na wakili wao alikuwa John Adams, huyohuyo aliyekuja kuwa rais wa pili. Preston aliachiliwa. Kati ya askari wanane, sita waliachiliwa na wawili wakapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, wakachomwa alama kwenye kidole gumba. Mashahidi mahakamani hawakukubaliana hata kama kapteni alisema "piga" au la. Sasa muulize picha ilichorwa kwa ajili ya nani. Hapo mtoto amefanya kazi ya mwanahistoria, na mmeifanya kwa Kiswahili au Kikuyu, jikoni, wewe ukisonga ugali. Usione haya kuijadili kwa lugha ya nyumbani. Wazo likishakaa, maneno ya Kiingereza atayapata darasani.

Pocahontas anafundishika kwa namna hiyohiyo, kwa ufupi zaidi. Alikuwa na umri wa karibu na wa mwanao, miaka kama 11, John Smith alipofika Virginia 1607. Smith aliandika habari zake 1608 na hakutaja kabisa kwamba binti huyo alimwokoa asiuawe. Hadithi ya kuokolewa aliisimulia kwa ukamilifu 1624, wakati Pocahontas alikuwa amekufa Uingereza tangu 1617 na hakuna wa kumbishia. Watoto hucheka sana wakilisikia hilo, halafu wanaanza kuwa na mashaka na kila kitu, pamoja na yale unayowaambia wewe. Vumilia.

Sasa Novemba na Thanksgiving, maana utaipata. Shule nyingi zimeacha kuwavisha watoto taji za manyoya za karatasi na kofia nyeusi za Wapuritani; nyingine bado. Ukweli wenyewe ni mzuri kuliko maigizo. Mayflower ilileta abiria 102 mwaka 1620, na karibu nusu yao walikufa majira ya baridi ya kwanza. Mahali walipojenga palikuwa kijiji cha Patuxet cha Wawampanoag, ambacho maradhi yaliyoletwa na meli za Ulaya yalikimaliza miaka michache kabla. Mtu wa Patuxet aliyekuja kuwasaidia, Tisquantum, alijua Kiingereza kwa sababu nahodha mmoja wa Kiingereza alimteka 1614 na kumpeleka kuuzwa Hispania. Akatoroka, akafika London, akarudi 1619 akakuta kwao hakuna mtu. Soma tena hapo: yeye aliuzwa utumwani ng'ambo ya Atlantiki, akielekea mashariki, miaka mitano kabla ya White Lion. Mwanao, aliyeuliza kuhusu kuuzwa, atakuwa na mengi ya kusema juu ya mtu huyu.

Kuhusu karamu ya 1621, tulichonacho cha mtu aliyekuwapo ni aya moja tu ya barua ya Edward Winslow ya Desemba mwaka huo. Anasema mfalme wao Massasoit alikuja na watu kama tisini, wakakaa siku tatu, wakaleta paa watano. Waingereza wenyewe walikuwa wamebaki kama hamsini. Watoto wakizihesabu namba hizo picha ya vitabuni inapinduka, maana wageni ni karibu mara mbili ya wenyeji wa karamu, na wote ni wanaume. Na je, walialikwa? Winslow hasemi. Halafu mtoto wa darasa la tano, tofauti na wa darasa la kwanza, aambiwe iliendeleaje: mwana wa Massasoit, Metacom, alipigana na makoloni 1675 na 1676, akauawa, na mateka wengi wa Kiwampanoag wakauzwa utumwani Karibi, akiwemo mke wake na mwanawe mdogo kwa simulizi zilizopo. Wawampanoag wangali wapo Massachusetts hadi leo, Mashpee na Aquinnah. Lisemeni hilo kwa wakati uliopo. Kosa ninaloliona zaidi katika kazi za watoto ni kuwaandikia wenyeji kila kitendo kwa wakati uliopita, kana kwamba walikwisha.

Mwalimu akileta barua ya mavazi ya manyoya, mwandikie kwa upole kwamba mwanao angependa badala yake kusoma aya ya Winslow au kuandika habari za Tisquantum. Mwalimu ninayemjua mimi hushukuru mzazi anayeleta mbadala. Anayeleta malalamiko matupu humwongezea barua ya kujibu.

Mdogo wa miaka 7 asiingizwe katika haya yote. Yeye mpe githeri. Wawampanoag walipanda mahindi, maharagwe na maboga pamoja kwenye tuta moja: hindi linasimama, haragwe linapanda juu yake na kurutubisha udongo, boga linafunika ardhi magugu yasiote. Mahindi na maharagwe haya ya kawaida asili yake ni Amerika. Wareno ndio waliochangia kuyafikisha pwani yetu. Watu wa New England walikuwa wakipika mahindi na maharagwe kwenye chungu kimoja zamani kabla Murang'a haijayaona yote mawili. Pika, mle, mwonyeshe ramani. Kwa miaka saba hiyo ni historia ya kutosha, na ni ya kweli.

Kwa mkubwa kuna kitu kimoja zaidi cha nyumbani kinachosaidia sana: karatasi ndefu yenye mistari miwili sambamba, wa juu wa huku na wa chini wa Afrika Mashariki. Watoto wetu husoma historia ya Marekani wakidhani wakati huo kwao kulikuwa na giza. Wareno wanaanza kujenga Fort Jesus, Mombasa, 1593. Waingereza wanaanzisha Jamestown 1607. Boston inaanzishwa 1630. Mwaka unaofuata Sultan Yusuf bin Hassan wa Mombasa anawaasi Wareno na kuiteka ngome. Salem inawanyonga watu kwa uchawi 1692. Waomani wanaichukua Fort Jesus 1698. Na uandike 1776 kwa wino mzito pande zote mbili. Julai, Azimio la Uhuru, Philadelphia. Septemba mwaka huohuo, sultani wa Kilwa anatia saini mkataba na mfanyabiashara Mfaransa, Morice, wa kumuuzia watumwa elfu moja kila mwaka kwa mashamba ya kisiwa tunachokiita leo Mauritius. Karatasi hiyo ibandike ukutani na mtoto aijaze mwenyewe mwaka mzima.

Waasisi sasa. Jefferson, aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, alimiliki watu zaidi ya 600 katika maisha yake. Washington alipokufa 1799 kulikuwa na watumwa 317 Mount Vernon. 123 walikuwa wake kisheria na wosia wake uliagiza waachwe huru. Mtoto atauliza, "Basi walikuwa wabaya?" Mimi humjibu kwa kumrudishia: walijua? Jefferson aliandika kwamba utumwa ni uovu, na bado aliishi kwa jasho la watumwa. Hapo mtoto anaona mtu, na hana haja ya kumwabudu wala kumzomea. Kipengele cha tatu kwa tano katika katiba ya 1787 ni hesabu tu, ila kielezwe sawasawa: majimbo ya kusini yalitaka watumwa wahesabiwe ili yapate viti vingi vya Bunge, huku watumwa wenyewe hawapigi kura. Kila watano walihesabiwa kama watatu, na viti vikaenda kwa waliowamiliki.

Na usimwache mwanao aamini kwamba utumwa ulikuwa jambo la kusini. Massachusetts iliuruhusu kwa sheria yake ya 1641. Mtu niliyeahidi kumtaja ni Elizabeth Freeman, aliyeitwa Mum Bett alipokuwa mtumwa katika nyumba ya John Ashley, mji wa Sheffield, magharibi ya jimbo lenu. Hakujua kusoma. Katiba ya jimbo ya 1780 ilisema watu wote huzaliwa huru na sawa. Alipoyasikia maneno hayo alimwendea wakili Theodore Sedgwick akamuuliza kama sheria hiyo haimpi yeye uhuru wake. Agosti 1781 baraza la wazee wa mahakama lilimpa uhuru, yeye na mwanamume aliyeitwa Brom. Kesi hiyo na nyingine za miaka miwili iliyofuata ndizo zilizoung'oa utumwa Massachusetts, na sensa ya 1790 haikuandika mtumwa hata mmoja katika jimbo hilo. Kama mwanao ataandika insha moja mwaka huu, aandike hii.

Una bahati ya mahali unapoishi. Daraja la Concord ambapo walipigana tarehe 19 Aprili 1775 ni mwendo mfupi wa gari. Medford kuna nyumba ya familia ya Royall, yenye makao ya watumwa yaliyosimama mpaka leo karibu nayo; huko hakuna haja ya kueleza sana, mtoto anapima kwa macho nyumba hii na ile. Na hapohapo Lowell kuna makumbusho ya kiwanda cha Boott. Pamba iliyosokotwa mjini kwenu ilichumwa na watumwa wa kusini, na baadhi ya vitambaa vizito vya bei rahisi vilirudi huko kuwavisha waliochuma. Vitambaa vingine vya Massachusetts vilipakiwa Salem kwenda Zanzibar. Marekani na Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, walikuwa na mkataba wa biashara tangu 1833, na konseli wa kwanza, Richard Waters, mtu wa Salem, alifika 1837. Hiyo ndiyo merikani yetu, ile misafara uliyoikariri Nyeri iliyobeba mpaka bara na kurudi na pembe za ndovu. Wapeleke wote wawili Jumamosi moja. Mitambo ya kufumia huwashwa kwa ajili ya wageni na kelele zake si za kawaida. Hutoa vizibo vya masikio mlangoni, mchukulie mdogo mapema kabla hamjaingia.